Saa za Dunia, Saa za Dar es Salaam na Kumbukumbu za Kompyuta

Katika mada ya longitudo na saa, watahiniwa wengi hujua kanuni lakini hupoteza alama kwenye hesabu. Somo hili linaanza na hesabu hiyo, kisha linaonyesha jinsi simu yako inavyoifanya kila siku bila wewe kuiona.

Dunia huzunguka nyuzi 360 kwa saa 24. Kwa hiyo nyuzi 15 ni saa 1, na nyuzi 1 ni dakika 4. Hadi hapo hakuna anayekosea. Makosa huanza swali likitaja 39°17′. Ile 17′ si dakika za saa, wala 39°17′ si sawa na 39.17. Ni dakika za nyuzi, na kila moja ni sawa na sekunde 4 za saa.

Mfano wa 1. Dar es Salaam iko longitudo 39°17′ Mashariki. Tafuta tofauti ya saa yake ya jua na ya Greenwich.

39 × 4 = dakika 156
17 × 4 = sekunde 68, yaani dakika 1 na sekunde 8
Jumla: dakika 157 na sekunde 8, yaani saa 2, dakika 37 na sekunde 8.

Kwa kuwa Dar es Salaam iko mashariki, tunajumlisha. Jua likiwa utosini Greenwich saa sita mchana, saa ya jua ya Kariakoo imekwisha kupita saa nane na nusu.

Mbona basi saa ya ukutani inasema tofauti ni saa 3 kamili? Kwa sababu nchi haiwezi kuendesha treni, shule na benki kwa saa ya jua ya kila mji. Serikali huchagua saa moja kwa nchi nzima, na hapo jiografia hugeuka kuwa sheria. Ndiyo maana mtu wa Kigoma na mtu wa Temeke wana saa moja, ingawa jua huwafikia kwa nyakati tofauti.

Sheria hubadilika, na mabadiliko hayo lazima yaandikwe mahali. Kompyuta nyingi duniani hutegemea kumbukumbu moja, iliyoanzishwa miaka ya 1980 na Mmarekani Arthur David Olson, na ambayo kwa miaka mingi sasa inasimamiwa na Paul Eggert. Kila eneo hupewa jina la bara na mji. Letu ni Africa/Dar_es_Salaam. Fungua mpangilio wa saa katika kompyuta yoyote ya kibanda cha intaneti pale Tandika, huenda ukaliona. Kumbukumbu za mji wetu zinasomeka hivi: saa ya jua, 2:37:08, hadi mwisho wa 1930, kisha 3:00 hadi mwisho wa 1947, kisha 2:45 hadi mwisho wa 1960, kisha 3:00 mpaka leo. Ile namba ya kwanza ndiyo jibu la Mfano wa 1, sekunde kwa sekunde. Na ile 2:45 ina maana kwamba babu aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1955 alizaliwa chini ya saa iliyo nyuma ya yetu kwa robo saa.

Kumbukumbu hizi huandikwa kwa maandishi ya kawaida ambayo mtu anaweza kuyasoma. Kisha programu huyageuza kuwa mafaili ambayo kompyuta huyasoma haraka. Kazi ngumu ni kuandika kanuni, hasa za nchi zinazosogeza saa mbele majira ya joto. Uingereza huongeza saa 1 Jumapili ya mwisho ya Machi na kuirudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Angalia kwamba kanuni haitaji tarehe. Mwaka 2024 siku hizo zilikuwa 31 Machi na 27 Oktoba. Mwaka 2025 zilikuwa 30 Machi na 26 Oktoba.

Sisi hatusogezi saa, na sababu ni latitudo. Dar es Salaam iko karibu na Ikweta, hivyo siku yake ndefu na siku yake fupi hazipishani hata saa moja. London hupata zaidi ya saa 16 za mchana mwezi Juni, na chini ya saa 8 mwezi Desemba.

Mfano wa 2. Mechi inaanza London saa 15:00. Itaonekana saa ngapi kwenye kibanda umiza cha Mbagala mwezi Agosti? Na mwezi Desemba?

Agosti: London iko mbele ya Greenwich kwa saa 1, kwa hiyo Greenwich ni 14:00. Ongeza 3: ni 17:00, saa kumi na moja jioni.
Desemba: London na Greenwich ni sawa. Ongeza 3: ni 18:00, saa kumi na mbili jioni.

Vijana wa vibandani hawakosei hili. Wakosao ni wale wanaokariri kwamba tofauti yetu na London ni saa 3 mwaka mzima.

Mfano wa 3. Sudan Kusini ilikuwa na saa sawa na yetu hadi 1 Februari 2021, ilipoirudisha nyuma kwa saa 1. Tangazo lilitolewa mwezi Januari, wiki chache tu kabla. Watunza kumbukumbu walitoa toleo jipya mwezi huohuo, lakini kompyuta isiyopokea toleo hilo iliendelea na kanuni ya zamani. Chukua mkutano wa Juba wa saa 10:00, tarehe 3 Februari 2021. Greenwich ni 08:00, na Dar es Salaam ni 11:00, saa tano asubuhi. Kompyuta yenye kanuni ya zamani ingesema saa nne. Karani wa Kinondoni angekaa mbele ya skrini tupu saa nzima akidhani wenzake wamechelewa.

Maswali ya kujipima

1. Kigoma iko takriban 29°38′ Mashariki. Saa yake ya jua iko nyuma ya ya Dar es Salaam kwa kiasi gani?
2. Dada yako aliyeko Muscat, ambako saa iko mbele ya Greenwich kwa saa 4, anapiga simu saa 20:30 za huko. Kwenu Temeke ni saa ngapi?
3. Ndege inaondoka London saa 21:00. Taja saa na tarehe ya Dar es Salaam ikiwa ni (a) 10 Julai (b) 10 Januari.

Majibu: 1. Dakika 38 na sekunde 36. 2. 19:30, saa moja na nusu usiku. 3. (a) 23:00, saa tano usiku, 10 Julai. (b) 00:00, saa sita usiku, na tarehe imeshakuwa 11 Januari. Ukiandika 10 Januari umekosa alama.