Ramani ya Chaki Barazani

Jumamosi tano mfululizo tulikaa barazani kwangu hapa Tanga, watu kumi na kitu, birika la kahawa katikati, tukiizungumza Palestina. Mwenye kuitisha ni mimi, na aliyefunzwa zaidi nadhani ni mimi vilevile.

1. Usianze na maiti. Siku ya kwanza niliwaonyesha video za Gaza kwenye simu. Wakalia, wakalaani, wakaaga. Hakuna aliyeuliza swali hata moja.

2. Anza na ardhi. Jumamosi ya pili nilichora kwa chaki sakafuni. Gaza ni kilomita za mraba 365 hivi, haifiki nusu ya Pemba, na ina watu zaidi ya milioni mbili. Mzee mmoja mvuvi akaweka kikombe chini. "Sasa hao wanavua wapi?" Swali hilo lilitumalizia jioni nzima. Kwa miaka mingi mvuvi wa Gaza amekuwa akipangiwa na jeshi la Israeli maili za kwenda baharini. Tukarudi nyuma hadi Nakba ya 1948, Wapalestina zaidi ya 700,000 walipofukuzwa au kukimbia makwao, wengine na funguo za nyumba mfukoni. Jirani yangu, aliyekulia Kasulu karibu na kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, akasema Wakongo aliowajua yeye walitunza karatasi za mashamba ndani ya mifuko ya rambo. Hapo funguo zile zikaeleweka kuliko video zangu zote.

3. Maneno yana mitego. Mama mmoja wa kwaya aliwachanganya Wapalestina na Wafilisti wa Goliathi. Nikamweleza kwamba hao si wamoja, kwamba Bethlehemu mpaka leo ina Wapalestina Wakristo, na kwamba Edward Said, aliyezaliwa Yerusalemu 1935, alitoka familia ya Kikristo. Vijana wa msikitini nao walikuwa wakisema "Wayahudi" wakimaanisha serikali ya Israeli. Hilo tulilikataa siku ileile.

4. Mwenye msiba aachwe amalize. Binti mmoja aliwataja vijana wawili wa Kitanzania waliokwenda Israeli kujifunza kilimo, wakauawa katika shambulio la Hamas la tarehe 7 Oktoba 2023. Kijana mmoja akadakia, "Lakini..." Mzee mvuvi akamnyooshea kiganja. Binti akamaliza, tukanyamaza kidogo, kisha tukarudi Gaza. Hakuna aliyepungukiwa.

5. Sisi tumo. Kwamba Tanzania ilivunja uhusiano na Israeli mwaka 1973, wazee walikumbuka. Lililowashtua wote ni la 1903: Uingereza iliwapendekezea Wazayuni, waliotafuta nchi ya Wayahudi, ardhi ya Uasin Gishu, iliyo Kenya ya leo. Mkutano wao ukaikataa 1905. Waziri Mkuu wa Uingereza wakati pendekezo linatolewa alikuwa Arthur Balfour, yuleyule wa tamko la 1917 kuhusu Palestina.

"Na wenyeji waliulizwa?" akasema mama wa kwaya.

"Wa wapi, mama?"

"Kotekote."