Uchumi na Sheria: Somo la Riba

Wanafunzi wa kidato cha nne hawaishi kubishana: nisome uchumi au sheria? Mimi nasema vyote viwili vinasomeka pamoja. Hebu tutazame kisa kimoja.

Mnamo Agosti 2016 Rais Uhuru Kenyatta alitia sahihi sheria iliyozuia benki kutoza riba ya mikopo inayozidi kiwango cha Benki Kuu kwa zaidi ya asilimia 4. Watu walishangilia, na mbona wasishangilie? Lakini mwanauchumi atauliza: mkopaji asiye na dhamana ni hatari kwa benki, ikikatazwa kumtoza zaidi, itamkopesha ya nini? Ndivyo ilivyokuwa. Benki zikaona heri kuikopesha serikali, mfanyabiashara mdogo akafungiwa mlango.

Mwanasheria naye atauliza: kwani sheria yenyewe inasema nini hasa? Machi 2019 Mahakama Kuu jijini Nairobi iliamua kwamba kifungu hicho, 33B, kina maneno yenye utata, hivyo kinakiuka Katiba. Novemba mwaka uo huo kikafutwa.

Anayetaka masomo yote mawili ajiandae kutembea. Chuo Kikuu cha Nairobi hufundisha uchumi katika bewa kuu, mjini, na sheria kule Parklands. Shahada ya sheria ni miaka 4, kisha anayetaka uwakili huendelea na mafunzo Karen.

Tena, kwa miaka mingi sheria imedai alama ya B ya Kiingereza au Kiswahili. Hiyo sisi wanachama tutaipata. Kazi iko kwenye hesabu za uchumi.