Dondoo muhimu: Imani kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi

Ibada ya Jumapili huisha kabla ya chakula cha mchana. Siku sita zinazobaki zina wateja, madeni na vyombo vya kuosha, na humo humo Wakristo wengi wameiona maana ya maisha yao.

• Anza na kazi uliyonayo. Kule Korintho, Mtume Paulo alishona mahema pamoja na Akila na Prisila, na kila Sabato akahubiri katika sinagogi.

• Sali ukiwa kazini. Ndugu Lawrence, mtawa Mkarmeli aliyefariki Paris mwaka 1691, alikuwa mpishi wa monasteri. Alizungumza na Mungu sufuria zikiwa motoni.

• Pitia siku yako jioni. Ignasi wa Loyola, ambaye kitabu chake cha *Mazoezi ya Kiroho* kilichapishwa mwaka 1548, alifundisha utaratibu huu: shukuru kwanza, tazama ulipoteleza, omba msamaha, kisha amua utakavyojirekebisha.

• Usibaki peke yako. Tangu miaka ya 1970 maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki wamehimiza jumuiya ndogo ndogo. Majirani hukutana nyumbani kwa mwenzao, husoma Injili, kisha hupangana: nani aende kumwona mgonjwa, nani akusanye mchango wa msiba.

• Toa ulicho nacho. Katika sharika nyingi za Kilutheri Tanzania, mkungu wa ndizi au kuku aliyeletwa kama sadaka hunadiwa nje ya kanisa baada ya ibada. Mkulima asiye na pesa mkononi naye hushiriki.