Je, Hasira Yetu Ni ya Haki?

Somo: Yona 4:1–11

Yona alikasirika kwa sababu Mungu aliwasamehe watu wa Ninawi. Tusimcheke. Ninawi ulikuwa mji wa Waashuri, adui za Israeli. Sisi tuliochomewa nyumba tunamwelewa.

Mungu hakumfukuza Yona. Alimwuliza kama anafanya vema kukasirika. Na sisi tujipime kwa maswali matatu:

1. Tunakasirika kwa ajili ya nani? Katika Marko 3:1–5 Yesu aliwakasirikia wenye mioyo migumu, akimtetea mtu aliyepooza mkono. Yona aliukasirikia mtango ulionyauka, kwa kuwa ulimtia yeye kivuli.

2. Hasira inatupeleka wapi? Ya Yesu iliishia katika kuponya. Ya Yona iliishia katika kuomba kufa.

3. Inamwangukia nani? Waliotufukuza wako mbali. Anayepigwa ni mke, mtoto, au jirani kwenye foleni ya maji. Huyo hakutuchomea nyumba.

Kuchukia uovu tuliotendewa si dhambi, na kudai haki si dhambi. Lakini Waefeso 4:26 inaiwekea hasira mpaka, nao ni jioni. Wengi wetu tumeilaza nayo miaka.

Kitabu cha Yona kinamalizika kwa swali la Mungu, wala jibu la Yona hatulisikii. La kwetu tulitoe leo, jua halijazama. Kama kuna mtu nyumbani aliyebeba hasira isiyo yake, tuanze kwa kumwomba msamaha.

Bwana awabariki.