SOMO: Kumzuia mwenzako bila kumwumiza



Kusudi la somo hili: kujifunza jinsi mchezo wa wanawake unavyoweza kuwakutanisha waliohamishwa na wenyeji, na kutambua pale ambapo mchezo hautoshi.

1. Mchezo wenyewe

Upo mchezo uitwao flag football. Sisi tutauita mpira wa vitambaa. Kila upande una wachezaji watano. Mpira hushikwa kwa mikono, hurushwa, na mwenye mpira hukimbia nao hadi mwisho wa uwanja wa wapinzani. Kila mchezaji hufunga mkanda kiunoni wenye vitambaa viwili vinavyoning'inia ubavuni. Ukitaka kumsimamisha mwenye mpira, humsukumi wala humwangushi. Unachomoa kitambaa chake. Kikichomoka, mchezo unasimama papo hapo.

Wanawake wa nchi nyingi hushindania ubingwa wa dunia wa mchezo huu. Katika Michezo ya Dunia ya mwaka 2022, mjini Birmingham, Marekani, wanawake wa Meksiko waliwashinda wenyeji wao kwa pointi 39 kwa 6 na kuchukua dhahabu. Mwaka 2024, mjini Lahti, Ufini, Wamarekani ndio waliotwaa ubingwa wa dunia. Mchezo huu umekubaliwa pia kuingia katika Olimpiki ya Los Angeles ya mwaka 2028, kwa wanawake na kwa wanaume.

Sheria moja inatufundisha zaidi ya nyingine. Mwenye mpira haruhusiwi kukinga kitambaa chake kwa mkono. Akifanya hivyo, ni kosa. Maana yake, aliye na nguvu kwa wakati huo lazima akubali kwamba anaweza kuzuiwa. Viongozi, tulitafakari neno hili. Anayegawa msaada, anayeandika majina, anayepokea malipo ya waliohamishwa: je, ameacha kitambaa chake wazi, au amekifunika kwa mkono?

2. Mfano ulio karibu nasi

Hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mabingwa. Tarehe 23 Novemba 2024, nchini Moroko, timu ya wanawake ya TP Mazembe ya Lubumbashi ilishinda Ligi ya Mabingwa ya Afrika ya soka ya wanawake. Iliifunga AS FAR ya Rabat bao 1 kwa 0, na bao hilo lilifungwa na Marlène Kasaj. Mkufunzi wao wakati huo, Lamia Boumehdi, ni mwanamke wa Moroko. Basi mgeni aliwaongoza mabinti wa Kongo kuishinda timu ya nchi yake mwenyewe. Kocha hapaswi kuulizwa kabila lake. Anapaswa kuulizwa kama anaijua kazi.

3. Mchezo peke yake hauleti amani

Tuseme ukweli. Mchezo waweza pia kuua. Tarehe 11 Mei 2014, mjini Kinshasa, mechi ya V.Club na TP Mazembe iliisha kwa fujo. Mawe yalirushwa, polisi wakafyatua mabomu ya machozi, watu wakakanyagana, na 15 walipoteza maisha. Mpira ulikuwa ule ule. Kilichokosekana ni utaratibu na kuheshimiana.

Sisi wa mkoa huu tunajua maneno ya "mwenyeji" na "wa kuja" yanaweza kufika wapi. Mwaka 1992 na 1993, maelfu ya jamaa zenye asili ya Kasai zilifukuzwa Likasi na Kolwezi. Wengi walilala kwenye stesheni wakingoja treni, na wengine walifia huko. Majirani waliokuwa wakichota maji pamoja waligeuka maadui kwa siku chache. Miaka ya karibuni jamaa nyingine zimehama kwa sababu ya machimbo: mwaka 2017, mamia ya jamaa za mtaa wa Kasulo, mjini Kolwezi, zilihamishwa baada ya kobalti kupatikana chini ya nyumba zao.

Kwa hiyo tunaonya: mchezo usiwe pazia la kufunika malalamiko. Mama aliyepoteza nyumba na shamba hahitaji kuambiwa acheze asahau. Anahitaji haki yake isikilizwe. Mchezo unasaidia kwa jambo moja: unawaweka pamoja watu ambao baadaye watapaswa kuketi meza moja na kuzungumza neno gumu.

4. Namna ya kuanza mtaani

- Kutaneni kwanza na chefu wa mtaa, wazazi na wawakilishi wa waliohamishwa. Wasichana wenyewe wapewe nafasi ya kusema.
- Chagueni uwanja ulio mbali na mashimo ya machimbo na barabara ya malori.
- Kata vipande vya kikwembe kuukuu, viwili kwa kila mchezaji. Chomeka kiunoni bila kufunga fundo, ili vichomoke kwa urahisi.
- Changanyeni timu. Pasiwe na timu ya wenyeji dhidi ya timu ya wahamaji, wala ya kabila dhidi ya kabila.
- Pangeni saa isiyogongana na kuchota maji, soko au shule. Wote wawe wamefika nyumbani kabla ya giza.
- Wawepo mama wawili wanaoaminika, ambao msichana anaweza kuwaendea akisumbuliwa.
- Msiweke zawadi ya makuta. Ugali na samaki wa pamoja baada ya mechi unatosha.
- Baada ya mchezo, ketini dakika 20 mjibu maswali yafuatayo.

5. Maswali ya majadiliano

a) Ulipochomolewa kitambaa, ulijisikiaje? Ulikasirika au ulicheka?
b) Katika mtaa wetu, ni nani anayeficha kitambaa chake? Tunawezaje kumwambia bila matusi?
c) Ni malalamiko gani ya ardhi, malipo au maji yanayowatenganisha wenyeji na wahamaji hapa? Nani ayapeleke, na kwa nani?
d) Yakianza maneno ya kuwafukuza watu, kila mmoja wetu atafanya nini siku ya kwanza, kabla ya siku ya pili?

Swali la mwisho msiliruke. Mwaka 1992 wengi walingoja siku ya pili. Andikeni majibu yenu, mpeni chefu wa mtaa nakala moja, na nyingine ibaki kwa akina mama. Mkikutana tena baada ya mwezi, yasomeni kwa sauti na muulizane ni lipi limetekelezwa.

Wahenga walisema: haba na haba hujaza kibaba. Amani iwe nanyi.