SOMO KWA VIKUNDI: NYONGEZA ZA GARI LA FAMILIA – IPI TULIPIE, IPI TUACHE?



Zamani tulikopeshana pesa za ng'ombe wa maziwa, mabati na karo ya shule. Siku hizi mwekahazina anapokea pia ombi la aina nyingine: "Tunataka gari la nyumbani. Watoto wafike shule, nyanya apelekwe kliniki, na mboga zifike sokoni mapema." Ombi hili si baya hata kidogo. Lakini pesa hizo ni za jasho la watu wengi, na gari lenyewe litabeba watoto wetu. Kwa hivyo inafaa tujifunze pamoja.

Somo la leo halihusu injini wala logbuku. Linahusu nyongeza, yaani vile vitu ambavyo gari laweza kutembea bila kuwa navyo: mifuko ya hewa, kamera ya nyuma, rimu za kung'aa, redio kubwa, keria, na kadhalika. Hapo ndipo wanunuzi wengi hupotezea pesa. Hapo pia ndipo wengine huokoa pesa mahali ambapo hawangefaa kuokoa.

1. NYONGEZA HIZI ZILICHAGULIWA NA NANI?

Thika yetu ina kiwanda cha kuunganisha magari. Kilianzishwa mwaka 1974 kikiitwa Leyland Kenya, na baadaye kikaitwa Kenya Vehicle Manufacturers. Mwaka 2016 gari dogo la Volkswagen Polo Vivo lilianza kuunganishwa papo hapo. Anayenunua gari jipya huchagua mwenyewe: nataka hiki, kile sitaki.

Lakini wengi wetu hununua gari lililotumika Japani. Kanuni ya Kenya inataka gari la kuagizwa liwe halijapita miaka 8 tangu mwaka liliposajiliwa mara ya kwanza, na usukani uwe upande wa kulia. Maana yake ni kwamba nyongeza zake zilichaguliwa na mtu mwingine, miaka kadhaa iliyopita, kwa barabara na hali ya hewa ya kwao. Kisha mwenye yadi naye akaongeza vyake ili gari livutie.

Tazameni mifano mitatu:

(a) Redio. Redio ya FM ya Japani huanzia namba 76, na nyingi huishia 90 au 95. Stesheni zetu ziko kati ya 88 na 108. Kwa hivyo redio hiyo hushika stesheni chache tu, mpaka fundi aongeze kifaa kingine au aiondoe.

(b) Ramani ya skrini. Skrini ni kubwa na nzuri, lakini ndani yake kuna ramani ya Japani, tena kwa maandishi ya Kijapani. Haitakuonyesha njia ya Gatuanyaga.

(c) Ile sauti ya mama wa Kijapani ukiwasha gari. Watoto huifurahia. Mara nyingi inasema tu kwamba kadi ya kulipia barabara za kule haijawekwa. Kifaa hicho hakina kazi hapa.

Basi muuzaji akisema, "Mzee, hii ni fuli, haina kitu inakosa," mwulize kwa upole: "Ni gani kati ya hivyo vitu itafanya kazi hapa kwetu?"

2. MASWALI MAWILI YA KUPIMIA

Kila nyongeza tuipime kwa maswali haya mawili:

Swali la kwanza: Je, itatusaidia kufika nyumbani salama?

Swali la pili: Je, inaweza kuongezwa baadaye hapa Thika au Ruiru?

Kitu kinacholinda uhai, na ambacho hakiwezi kuongezwa baadaye, kilipie sasa. Kama gari halina kitu hicho, tafuta gari lingine. Kitu kinachoweza kuongezwa baadaye kisikupandishie bei leo. Na kisicholinda wala kusaidia, kiache kabisa.

3. ZA KULIPIA SASA

Mikanda, moja kwa kila mtu. Mkanda wa kisasa wa kupita begani na kiunoni ulitengenezwa mwaka 1959 na Nils Bohlin, mhandisi wa Volvo, na kampuni hiyo ikaruhusu watengenezaji wengine waufuate. Hapo kale mkanda wenyewe ulikuwa nyongeza ya kulipiwa katika nchi nyingi! Leo hakuna mtu wa kubishana nao. Wakenya wote wanakumbuka sheria za Waziri John Michuki za mwaka 2004, zilipofanya hata matatu ziweke mikanda. Lakini mkanda wa nyuma tunaudharau. Hesabu watu wa nyumbani kwako, kisha hesabu mikanda. Kama mko saba na mikanda ni mitano, hilo si gari lenu, hata liwe zuri namna gani. Asiyefunga mkanda nyuma humgonga wa mbele kwa uzito wake wote ajali ikitokea.

Mahali pa kufungia kiti cha mtoto. Mama wengi humpakata mtoto wakiamini watamshika. Haiwezekani. Gari likigonga kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, mtoto wa kilo 10 huvutwa mbele kwa nguvu inayozidi uzito wa kilo 100. Hakuna mikono ya kuzuia mzigo huo. Tafuta gari lenye vishikizo vya chuma katikati ya kiti cha nyuma na mgongo wake. Kiti cha mtoto chenyewe utanunua baadaye. Na jambo moja la kukariri: kiti cha mtoto mchanga kinachotazama nyuma kisiwekwe kamwe mbele ya mfuko wa hewa unaofanya kazi. Ukifumuka utamuumiza, hata kumwua.

Breki za ABS. Breki za kawaida zikikanyagwa ghafla, magurudumu hukwama na gari huteleza huku usukani hausikii. ABS huachilia na kubana kwa haraka, ili dereva aendelee kukata kona akiwa anafunga breki. Faida yake utaiona siku ya mvua kwenye lami.

Mifuko ya hewa. Husaidia mtu aliyefunga mkanda. Bila mkanda, mfuko wenyewe waweza kumjeruhi. Tena chunga: mamilioni ya mifuko iliyotengenezwa na kampuni ya Takata ya Japani iliitwa irudishwe kote duniani, kwa sababu kipulizio chake kilikuwa kikipasuka na kurusha vipande vya chuma. Kampuni hiyo iliomba ulinzi wa kufilisika mwaka 2017, lakini magari yenye mifuko hiyo bado yako barabarani. Chukua namba ya chesisi, kijana wako aiangalie katika tovuti ya watengenezaji wa gari hilo.

4. ZA KUFAA NJIA ZETU

Gari la familia ya hapa hupita njia mbili kwa siku moja. Asubuhi liko kwenye marumu yenye mashimo au udongo mweusi unaonata. Baada ya dakika chache liko kwenye barabara kuu ya Nairobi hadi Thika, iliyofunguliwa na Rais Mwai Kibaki mwezi wa Novemba 2012, ambako magari hukimbia sana. Nyongeza nzuri ni ile inayofaa njia zote mbili.

Kimo cha gari. Hiki chaja na gari. Mafundi wanaweza kuliinua kidogo kwa kuongeza vipande kwenye springi, lakini likipandishwa kupita kiasi huyumba kwenye mwendo wa kasi. Ni heri kununua lenye kimo tangu mwanzo.

Kuvuta kwa magurudumu yote manne. Hapa wanakikundi watabishana, na ni vizuri wabishane. Kwa anayekaa karibu na lami, ni mafuta zaidi na vyuma zaidi vya kutengeneza. Kwa anayekaa ndani kwenye udongo mweusi, mwenye mgonjwa wa kupelekwa hospitali usiku wa masika, pengine ndiyo nyongeza ya kwanza. Lakini akumbuke: kama tumbo la gari liko chini, litakwama hata likivuta kwa magurudumu yote.

Ngao ya chini ya injini. Ni bamba la chuma la kukinga sampu isipasuliwe na jiwe. Fundi wa jua kali aweza kuitengeneza baadaye. Usiilipie bei ya yadi.

Tairi ya spea. Magari mengi ya siku hizi huja na chupa ya dawa ya kuziba tundu badala ya spea. Jiwe likipasua ubavu wa tairi, dawa haisaidii kitu. Fungua buti ujionee: spea, jeki na spana ya magurudumu.

Kamera ya nyuma. Wengine huiona ni anasa. Lakini katika boma lenye watoto wadogo wanaocheza nyuma ya gari, kamera huona mahali ambapo kioo hakioni. Huweza kuongezwa baadaye, kwa hivyo isikupandishie bei sana. Na hata ukiwa nayo, hesabu watoto kabla ya kurudi nyuma.

5. VIKOROMBWEZO VYA KUACHA

Wazee walisema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Rimu kubwa za kung'aa huja na tairi nyembamba, na shimo moja la marumu huweza kupinda rimu na kupasua tairi. Mabawa ya nyuma hayana kazi kwenye gari la kwenda sokoni. Dirisha la paa huweza kuvuja mpira wake ukizeeka. Ufunguo wa kubonyeza ni raha, lakini ukipotea, wa pili ni ghali. Keria ya juu ni nzuri kwa mwenye mizigo, ila ikikaa huko mwaka mzima bila mzigo hula mafuta kwa kukinza upepo. Ifunge ukiwa na safari, uitoe ukimaliza.

6. TUFANYE HESABU

Tuseme magari mawili yanafanana kwa injini, umri na usalama. Moja lina rimu, skrini na mabawa, na bei yake imezidi kwa Sh. 60,000. Mwanachama anakopa pesa hizo pia, kwa riba ya asilimia 1 kila mwezi juu ya mkopo wa kwanza, kwa miezi 36.

Riba ya mwezi: Sh. 600.
Riba ya miezi 36: Sh. 21,600.
Jumla ya kulipa: Sh. 81,600, yaani karibu Sh. 2,270 kila mwezi kwa miaka mitatu.

Mwezi ambao maziwa yamepungua, hiyo Sh. 2,270 ndiyo itamfanya ashindwe kuleta mchango. Na kumbe amelipia ramani ya Japani! Pesa hizo hizo zingeweza kuanzia kiti cha mtoto, tairi nzuri au bima kamili. Kila kikundi kiandike bei za wiki hiyo chenyewe, kwa kuuliza maduka mawili au matatu.

7. SIKU YA KWENDA YADI

Msiende na pesa siku ya kwanza. Nendeni watu watatu: mnunuzi, fundi asiyelipwa na muuzaji, na mwanakikundi mmoja wa kuandika. Kisha:

- Washeni ufunguo kabla ya injini. Taa ya ABS na taa ya mfuko wa hewa ziwake, kisha zizime zenyewe. Ikiwa taa inabaki ikiwaka, kuna kasoro. Ikiwa haiwaki hata kidogo, pengine imetolewa ili kuficha kasoro.
- Vuteni kila mkanda kwa nguvu na ghafla. Ukikosa kushika, ni mbovu.
- Someni namba nne za mwisho kwenye ubavu wa tairi. Ikiwa ni 2318, tairi ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2018. Tairi za theluji kutoka Japani ni laini na huisha haraka kwenye lami yenye joto.
- Mkiambiwa gari lina nyongeza fulani, mseme: "Tuonyeshe ikifanya kazi." Isiyofanya kazi isihesabiwe kwenye bei.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika njia ya kutoka kwenu hadi lami, ni shida gani tatu ambazo gari hupata? Ni nyongeza gani inajibu kila shida?
2. Je, kikundi chetu kikubali kukopesha pesa za rimu na redio? Au mkopo uishie kwa gari na vitu vya usalama?
3. Mwanachama amepata gari la bei nafuu sana, lakini mikanda ya nyuma imekatwa. Tutamshauri vipi bila kumvunjia heshima?
4. Ni nani kati yetu ana gari tayari? Mkutano ujao alilete, tuhesabu mikanda pamoja na kutazama zile taa mbili.

Katibu aandike majibu ya swali la pili katika kitabu cha kumbukumbu. Ombi la mkopo wa gari litakapoletwa, kikundi kitakuwa na kanuni mkononi, na hakuna mwanachama atakayedhani amebaguliwa.