Buibui wa Kufugwa: Tabia Kwanza, Sura Baadaye

Sisi wa Bujora tumezoea kuona mtu na mnyama wa kutisha wakiwa pamoja. Katika ngoma za Kisukuma wachezaji hujiviringia chatu shingoni, na watazamaji hushangilia. Lakini wachezaji hao hawaokoti nyoka ye yote kwa sababu ya madoa yake. Chatu hana sumu. Kifutu, ambaye naye ana madoa ya kupendeza, anayo. Atakayewachanganya hao wawili hatacheza ngoma ya pili.

Nimeanza na nyoka maana muhula huu katika chama chetu cha sayansi pamekuwa na mabishano juu ya buibui wakubwa wenye manyoya. Wenzangu wamesikia kwamba Ulaya na Marekani watu huwafuga nyumbani katika masanduku ya kioo, nao wanataka tufuge mmoja maabara. Wengi wao husema, "Tutafute mwenye rangi nzuri." Mimi nasema tuulize kwanza tabia. Sababu zangu ni hizi.

Kwanza, silaha zake. Jamaa ya buibui hawa ina aina zaidi ya 1,000 duniani. Wengi wa bara la Amerika wana vinyweleo vikali juu ya tumbo. Buibui akitishwa, huvipangusa kwa miguu ya nyuma, navyo huruka na kuwasha ngozi na macho ya adui. Kwa hiyo hana haja ya kuuma upesi. Mfano ni yule wa Meksiko mwenye magoti mekundu, anayesifiwa na wafugaji kwa upole wake. Buibui wetu wa Afrika hawana vinyweleo hivyo. Kinga yao ni mbio, shimo na meno. Basi ukali wao si ubaya wa moyo; ni kwamba hawana silaha nyingine.

Pili, sura hudanganya. Yuko buibui wa Afrika aitwaye kwa jina la kitaalamu Pterinochilus murinus, aliyeelezwa na mtaalamu Pocock mwaka 1897. Wale wanaojulikana kwa jina la Usambara, milima yetu ya Tanga, wana rangi ya chungwa lililoiva, na kwa uzuri huo wamepelekwa nchi nyingi. Lakini mguse kidogo tu: huinua miguu ya mbele, huonyesha meno, kisha hupiga. Sumu yake haijulikani kuwa imemwua mtu, lakini maumivu ni makali, na misuli huweza kukakamaa kwa siku kadhaa. Wazee walisema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Mwingine wa Tanzania ni Eucratoscelus pachypus. Miguu yake ya nyuma ni minene yenye manyoya mengi, kana kwamba amevaa soksi za sufu. Mnunuzi humpenda kwa miguu hiyo, kisha hulalamika kwamba hamwoni, maana mdudu huyu ni mchimbaji naye hukaa shimoni muda mrefu. Buibui hakumdanganya mtu. Mnunuzi ndiye hakuuliza.

Tatu, umri wake. Dume hufa muda mfupi baada ya kukomaa, lakini jike wa aina nyingine huweza kuishi miaka 20 na zaidi. Mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza akimchimbua jike mkubwa, huenda anamfukuza nyumbani mnyama anayelingana naye kwa umri. Tena sisi wa Kidato cha Nne tutaondoka baada ya mtihani. Nani atamlisha panzi wakati wa likizo?

Anayefuga yampasa ajue mambo haya. Chombo kiwe na matundu ya hewa, na udongo wa kutosha kuchimba. Maji yawemo daima. Akae peke yake, maana wakiwa wawili mmoja huweza kumla mwenziwe. Asishikwe mkononi, kwani akianguka tumbo lake huweza kupasuka. Akilala chali, usidhani amekufa ukamtupa. Huenda anajivua gamba, na wakati huo ni dhaifu hata panzi aweza kumdhuru.

Liko pia jambo la sheria. Kumkamata mnyama wa porini kunataka kibali, na mwaka 2016 Serikali ilisimamisha biashara ya kupeleka wanyamapori hai nchi za nje. Shule ya Serikali haifai kuwa ya kwanza kuwachimbua.

Basi shauri langu ni kwamba tuchague buibui, lakini tumwache kwake. Mimi nimekwisha kumchagua wangu katika miamba iliyo nyuma ya bweni letu. Rangi yake ni ya vumbi, na jina lake la kitaalamu sithubutu kulitaja kwa kumtazama tu. Mlango wake ameuzungushia utando mweupe, na kwa wiki tatu nimeandika katika daftari saa anayotokea jioni. Siku ya mvua hatokei. Nikikanyaga kwa kishindo, hurudi ndani kabla sijahesabu moja. Hayo yote ni tabia, na hakuna hata moja ningeliona katika chupa.

Wanaotaka kumwona waje watatu watatu, na tochi, bila kijiti.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne